Mapema ni Lini? Stori ya Ua Moja Lenye Tarehe Nyingi

Mwaka jana binamu yangu alikuwa anapanga harusi ya Agosti. Ukumbi ulishapatikana, suti zilishapimwa, mashangazi walishakosana na kupatana kuhusu sare. Kilichobaki ni maua, na hapo hakutaka kusikia la mtu. Alitaka peoni. Kama hujawahi kuona peoni kwa macho, chukua waridi, lifungue mpaka lifikie ukubwa wa bakuli la uji, halafu lijaze petali laini mpaka liinamishe kichwa kwa uzito. Ndilo hilo ua ambalo kila bibi harusi wa Pinterest amelishika.

Kazi ya kutafuta msimu wake nilipewa mimi, kwa sababu "si wewe ndio mtu wa mtandao." Poa. Nikachagua aina inayojulikana zaidi, Sarah Bernhardt, nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza: huchanua mwisho wa Mei. Wa pili: katikati ya Juni. Wa tatu: Julai kuingia Agosti. Wa nne: mwisho wa Novemba. Wengine hawakutoa tarehe kabisa, waliandika tu "katikati ya msimu", na wengine "huchelewa". Ua lile lile, jina lile lile, rangi ile ile ya pinki. Nilifanya kile ambacho mtu mvivu hufanya: nikachukua jibu lililonifaa, Julai kuingia Agosti, nikamwambia binamu asiwe na wasiwasi. Akalipa kianzio kwa mtu wa mapambo.

Tulipofika kwa mama mmoja anayeuza maua mjini, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upole. "Wanangu, msiniambie jina la ua pekee yake. Niambieni harusi ni lini, na hilo ua litatoka wapi."

Hiyo sentensi ilinikaa. Nimekuwa nikiichimba tangu siku hiyo, na kumbe watu wamekuwa wakipishana kuhusu tarehe za ua hili kwa karibu miaka 1000. Kilichonishangaza ni kwamba mara nyingi wote waliopishana walikuwa wanasema ukweli.

Anza na neno lenyewe: mapema. Mwambie mtu wa Rongai anayefanya kazi tao kwamba utafika mapema. Yeye ataelewa saa kumi na moja alfajiri, kabla jam haijashika. Mwambie mtu wa Kilimani neno hilo hilo, ataelewa saa mbili asubuhi, baada ya chai. Hakuna aliyedanganya. "Mapema" haina maana mpaka uulize: mapema kuliko nani, na kutoka wapi? Vitabu vya maua vimejaa neno hili, na mara nyingi anayeliandika hakuambii anaishi Rongai au Kilimani.

Sasa twende China, mji wa Luoyang, mwaka 1031. Kijana wa miaka 24 hivi anaitwa Ouyang Xiu amefaulu mtihani wa serikali na ametumwa huko kwa kazi yake ya kwanza. Baadaye angekuwa mmoja wa waandishi na viongozi wakubwa wa enzi ya Song, lakini kwa wakati huo ni karani tu aliyehamishiwa mji wa raha. Na Luoyang ilikuwa imepagawa na peoni. Ouyang anasema kwamba majira ya kuchipua yakifika, kila mtu pale mjini, tajiri kwa maskini, alichomeka ua kichwani, hata wapagazi wanaobeba mizigo mabegani. Maua mengine waliyaita kwa majina yake. Peoni waliiita "ua" tu, kama vile hakuna lingine duniani.

Ouyang aliandika kitabu kidogo kuhusu peoni za Luoyang mwaka 1034, na humo alieleza aina 24: jina lake, limetoka kwa familia gani, limefananaje. Ni mojawapo ya vitabu vya zamani zaidi tulivyonavyo kuhusu aina za ua moja. Ungedhani mwandishi wake alikaa bustanini kila mwaka akiandika tarehe. Lakini wapi! Yeye mwenyewe anakiri. Alikaa Luoyang majira manne ya kuchipua. Mwaka wa kwanza alifika akiwa amechelewa, akakuta zile peoni za mwisho pekee. Mwaka wa pili alienda kutembea milimani na rafiki yake mshairi, Mei Yaochen. Aliporudi, maua yalikuwa yameisha. Mwaka wa tatu mke wake alifariki, na akiwa kwenye msiba hakuwa na moyo wa kwenda kutazama maua. Mwaka wa nne muda wake wa kazi uliisha, ikabidi aondoke, akawahi kuziona zile za mapema tu. Kwa maneno mengine, yule mtu aliyeandika kitabu kuhusu peoni za Luoyang hakuwahi hata mara moja kuona Luoyang ikiwa imechanua yote.

Mimi nilisoma hapo nikasimama kidogo. Fikiria ungemuuliza Ouyang mwaka 1031, "Peoni za Luoyang huchanua lini?" Angekupa tarehe moja. Ungemuuliza mwaka 1034, angekupa nyingine, ya mapema zaidi. Kati ya majibu hayo mawili ua halikubadilika. Kilichobadilika ni maisha yake: safari, msiba, barua ya uhamisho. Tarehe nyingi za maua tulizonazo ziko hivyo. Nyuma yake kuna mtu aliyepita hapo siku fulani.

Kuna jambo jingine kwenye kile kitabu ambalo lingemfurahisha mfanyabiashara yeyote wa Gikomba. Aina iliyotajwa juu kuliko zote ilikuwa ya manjano, ikiitwa kwa jina la familia ya Yao. Kipande kimoja cha kupandikizia cha Yao kiliuzwa kwa sarafu 5000. Lakini mnunuzi hakulipa papo hapo. Waliandikiana mkataba wakati wa vuli, na pesa zikatoka majira ya kuchipua, ua likishaonekana. Watu wa Luoyang walijua wazi kwamba jina si ua. Mche uliolala hausemi ni wa nani. Na walikuwa na wivu nazo vibaya sana: mkubwa fulani akilazimisha apewe kipande, wengine walikichovya kwanza kwenye maji ya moto, wakampa kikiwa kimekufa. Manze, hiyo ni roho mbaya ya kiwango cha juu, ila naielewa.

Na walisafirisha pia. Kila mwaka ofisa mmoja alipanda farasi wa serikali, akapitia vituo sita usiku na mchana, kupeleka maua machache sana kwa mfalme aliyekuwa Kaifeng. Yalipangwa kwenye kikapu cha mianzi kilichojazwa majani ya mboga ili yasitikisike, na kikonyo kilizibwa kwa nta ili petali zisidondoke kwa siku kadhaa. Sisi tunaopakia waridi Naivasha jioni lifike Ulaya likiwa bado limefumba tunadhani tumevumbua kitu.

Hapa kuna mtego wa kwanza ulionikamata mimi kwenye mtandao. Ile peoni ya Luoyang ni kichaka chenye matawi magumu yanayobaki juu hata baridi ikija. Wachina wanaiita mudan. Kuna nyingine ambayo shina lake ni laini. Baridi ikija, sehemu yote ya juu hufa na maisha hurudi chini kwenye mizizi. Hiyo wanaiita shaoyao, na huchanua baada ya mudan. Kwa Wachina hayo ni maua mawili yenye majina mawili na misimu miwili. Yalipofika Ulaya yakawekwa yote chini ya jina moja, peoni. Kwa hiyo anayekwambia peoni za Luoyang ziko tayari Aprili, wakati wa tamasha ambalo mji huo umekuwa ukifanya tangu 1983, na anayekwambia peoni ni ua la Juni, wanaweza kuwa wanazungumzia mimea miwili tofauti.

Ulaya nayo ilikuwa na peoni yake ya tangu zamani, iliyopandwa kwenye bustani za watawa kama dawa. Hiyo huwahi kidogo. Halafu ile shaoyao kutoka China na Siberia, ambayo mtaalamu Pallas aliipa jina la kisayansi Paeonia lactiflora mwaka 1776, ikaingia kwenye bustani za Uingereza na Ufaransa, na Wafaransa wakaichukua wakaifanya kazi ya maisha. Karne yote ya 19 wakulima wa Ufaransa walipanda mbegu, wakachagua, wakatoa aina mpya. Miellez alitoa Festiva Maxima mwaka 1851, nyeupe yenye madoa mekundu machache katikati kama mtu alijikata akiiandaa. Calot alitoa Duchesse de Nemours mwaka 1856. Lemoine wa Nancy alitoa Sarah Bernhardt mwaka 1906, akiipa jina la mwigizaji maarufu wa Paris ambaye wakati huo alikuwa bado yuko jukwaani. Angalia hizo tarehe tena. Maua ambayo leo tunayaona kama mtindo wa Instagram yana umri kuliko babu zetu.

Kila muuzaji alichapa katalogi yake, na kwenye katalogi aliandika: ya mapema, ya katikati, ya mwisho. Mapema kuliko nini? Kuliko nyingine kwenye shamba lake. Ilitosha, kwa sababu wateja wengi waliishi karibu. Shida ilikuja maua yalipovuka bahari.

Wamarekani waliyapenda kwa sababu moja kubwa inayohusu makaburi. Tangu 1868, tarehe 30 Mei ilikuwa siku ya kupamba makaburi ya wanajeshi waliokufa kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Ua kubwa, la bei nafuu, linalovumilia baridi, na linachanua karibu na tarehe hiyo: peoni. Sasa weka akili hapo. Mkulima wa Sarcoxie, Missouri, ambako joto huwahi, maua yake yalikuwa tayari wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, ikabidi ayahifadhi kwenye baridi yasichanue yote. Mkulima wa Faribault, Minnesota, kaskazini zaidi, aliangalia tarehe 30 ikipita huku matumba yake bado yamefumba kama ngumi. Yake yalifunguka Juni. Kwa mmoja, aina "ya mapema" ilikuwa balaa. Kwa mwingine ilikuwa ndio doo ya mwaka mzima. Kwenye soko kama hilo, neno "mapema" ni tangazo la biashara, na mimi siwezi kuliamini kwa asilimia mia kwenye katalogi ya mtu ambaye ana maua ya kuuza kabla ya tarehe 30.

Juu ya hiyo ongeza fujo ya majina. Kufikia mwaka 1900 hivi, aina moja iliweza kuuzwa kwa majina kadhaa, na jina moja likabandikwa kwenye mimea tofauti. Lebo zilipotea safarini, vibarua walichanganya mizizi, na wengine, tuseme ukweli, walibadilisha jina la ua la zamani ili waliuze kama jipya. Ukilipa kwa jina la aina inayochelewa ukaletewa inayowahi, utaandika kwa uaminifu wako wote kwamba aina ile huwahi. Umedanganya bila kujua, na atakayekunukuu atadanganya pia.

Kwa hiyo mwaka 1903 wakulima na wapenzi wa ua hili waliunda Chama cha Peoni cha Marekani, na mojawapo ya kazi za kwanza ilikuwa kumaliza fujo hiyo. Njia waliyotumia naipenda sana kwa sababu ni ya kawaida kabisa. Waliwaambia wauzaji walete mizizi kutoka kila upande, ikapandwa yote pamoja kwenye shamba la Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, jimbo la New York. Halafu wakangoja. Huwezi kuharakisha peoni; mche mpya huchukua miaka michache kabla ya kutoa ua linalofanana na lenyewe. Zilipochanua, wataalamu walipita mstari kwa mstari wakilinganisha: hii na hii ni kitu kimoja, hii si ile inayodai. J. Eliot Coit alitoa orodha ya majina mwaka 1907, na miaka iliyofuata chuo kikachapisha maelezo ya aina moja moja.

Lakini shamba moja linakupa nini hasa? Linakupa foleni. Linakwambia nani yuko mbele ya nani, kwenye udongo mmoja na hali ya hewa moja. Halikupi tarehe ya kwenda nayo kwingine. Ukichukua tarehe ya Ithaca ukaipeleka Missouri umeshapotea, ila foleni yenyewe inasafiri vizuri kiasi: Duchesse de Nemours itatangulia Sarah Bernhardt karibu popote utakapozipanda pamoja. Watu wengi mtandaoni wanachanganya hivi vitu viwili, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwa nini tarehe inahama hivyo? Hapa lazima tuingie chini ya udongo kidogo. Peoni ya shina laini huandaa matumba yake ya mwaka ujao kwenye taji la mizizi, chini ya ardhi. Wakulima huyaita macho. Macho hayo hulala, na hayaamki mpaka yapigwe na baridi ya kweli, nyuzi kati ya 0 na 5 hivi, kwa wiki nyingi mfululizo. Yakishatosheka na baridi, yanaanza kuhesabu joto. Joto likija haraka, ua linawahi. Likija polepole, linachelewa. Kwa hiyo mmea hauna kalenda. Una deni la baridi la kulipwa kwanza, kisha akiba ya joto ya kujazwa, na kila mahali na kila mwaka malipo hayo yanakamilika siku tofauti. Hata ndani ya ua moja la nyumba, mche ulio karibu na ukuta unaopigwa na jua utamtangulia ndugu yake aliye kivulini.

Na hapa ndipo sisi tunapoingia, au tuseme tunapokosa kuingia. Kenya inauza maua ya kukatwa duniani kote, waridi hasa, kwa sababu ya kile ambacho peoni haikitaki: mchana wa karibu masaa 12 mwaka mzima, na hali ya hewa isiyo na msimu wa barafu. Waridi la Naivasha halijui Januari na Julai. Lipogolee leo, hesabu wiki, unalikata. Wenye mashamba hupanga siku ya kupogoa ili maua yawe tayari kabla ya tarehe 14 Februari. Ndiyo sababu ni rahisi kwetu kudhani kila ua lina tarehe ambayo mtu anaweza kuipanga. Sasa utaniambia Nyandarua kuna baridi. Kuna baridi ya usiku, ndio, lakini asubuhi jua linatoka na macho ya peoni yanabaki yamechanganyikiwa. Baridi ya vipande vipande hailipi hilo deni.

Rudi Marekani kidogo, kwa sababu kuna watu wawili walioivuruga ile foleni yenyewe. Wa kwanza ni A. P. Saunders, profesa wa kemia wa Hamilton College, New York, aliyefariki 1953. Kwa miaka mingi, nje ya kazi yake ya darasani, alichanganya spishi za peoni kutoka sehemu mbalimbali za Ulaya na Asia na ile shaoyao ya kawaida, akapata machotara kwa maelfu. Mengi yalichanua kabla ya yale ya Wafaransa. Msimu wa bustani moja, uliokuwa wiki chache, ukarefuka mbele. Angalia kilichotokea kwenye vitabu: Festiva Maxima, ambayo kwenye orodha za zamani ilikuwa ya mapema, ghafla ina kundi zima mbele yake. Wengine wakaendelea kuiita ya mapema, wengine wakaisogeza katikati. Yenyewe haikusogea hata siku moja. Ni foleni iliyopata watu wapya mbele. Kwa hiyo ukikuta vitabu viwili vinapishana, angalia kwanza vimechapishwa mwaka gani.

Wa pili anaitwa Toichi Itoh, Mjapani. Mwaka 1948 alifanikiwa kuchanganya peoni ya kichaka na ya shina laini, kitu ambacho wengi walikuwa wamejaribu bila mafanikio. Ile miche ilikua. Itoh alifariki mwaka 1956, kabla hata mmoja haujachanua. Ilipokuja kuchanua ilikuwa ya manjano, rangi ambayo peoni za shina laini za bustani zilikuwa zimewanyima watu. Leo machotara ya aina hiyo yanaitwa kwa jina lake, na huchanua kwa muda mrefu, tumba baada ya tumba, kiasi kwamba swali la "lini" linakuwa gumu kulijibu hata ukiwa umesimama mbele yake. Mimi ninapomfikiria Itoh namkumbuka na Ouyang. Wawili hawa wameandikwa kwenye historia ya ua hili na wote walikosa siku yenyewe.

Halafu kuna swali ambalo hata sikujua ni swali: kuchanua ni nini? Mtu wa bustani huandika tarehe ua likiwa limefunguka lote, anapiga picha, anafurahi. Mkulima wa kuuza hangoji hapo. Yeye hubonyeza tumba kwa vidole. Likiwa laini kama andazi la asubuhi, anakata. Likifunguka shambani, kwake limeshapotea. Kwa hiyo mkulima na jirani yake mwenye bustani, wenye aina moja, barabara moja, mwaka mmoja, watakupa tarehe zinazopishana kwa siku kadhaa. Na mimi niliyekuwa nasoma simu nikiwa kwenye matatu sikujua nani ni nani.

Pesa kubwa ya peoni leo iko kwenye hizo tofauti. Uholanzi hukata Mei na Juni, na soko likijaa bei inashuka. Kusini mwa dunia mambo yamepinduka: New Zealand na Chile huwa na majira ya kuchipua wakati wetu wa mvua za vuli, kwa hiyo peoni zao huja Novemba na Desemba. Ile tarehe ya nne niliyoidharau, mwisho wa Novemba, haikuwa makosa ya mtu. Ilikuwa imeandikwa kutoka kule. Na ile ya Julai kuingia Agosti, niliyoichagua kwa sababu ilinifaa, ilitoka Alaska. Huko barafu inachelewa kuondoka, kwa hiyo peoni zinachelewa kuanza maisha, kisha jua la kiangazi linalokataa kuzama linazisukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Pat Holloway, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, alianza kuzipanda kwa majaribio na kufuatilia zinachanua lini. Alichoona ni kwamba Alaska ilikuwa na maua kwenye dirisha ambalo karibu hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo. Watu kule wakaacha mambo mengine wakapanda. Biashara nzima imejengwa juu ya ukweli kwamba Sarah Bernhardt yao imechelewa.

Kwa hiyo ndio, mwezi wa Agosti kuna peoni duniani. Mama wa maua alipotupigia hesabu ya kuzileta kutoka upande ule mwingine wa dunia, kwa ndege zaidi ya moja, kwenye baridi njia nzima, binamu yangu alinyamaza, akanitazama, akatazama tena ile bei. Kianzio nilirudisha mimi, kidogo kidogo, mpaka mwezi uliopita.

Harusi ilifanyika na waridi za hapa hapa, zile za petali nyingi zinazofunguka kama kikombe, rangi ya pinki iliyopauka. Zilikatwa Alhamisi, zikafika Ijumaa, Jumamosi saa nne asubuhi zilikuwa zimefunguka vile alivyotaka. Shangazi yangu mkubwa alizisifu siku nzima, akapiga picha zaidi ya mia, akazituma kwenye kila grupu alilonalo. Mpaka leo anaziita peoni, na hakuna mtu wa kumrekebisha.